Lile Vazi Uliloliona Kambani

Mdogo wangu mpenzi, Kipipa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe pamoja na baba watoto na wanangu wawili. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kwenye kiti, si umesimama jikoni na mwiko mkononi, maana nakujua, ukiwa umesimama husomi kitu mpaka mwisho. Sisi huku tu wazima. Mama hajambo. Goti linamsumbua asubuhi tu, ikifika jioni analisahau na kuanza kuwagombeza majirani kwa nguvu zake zote. Amesema nikuulize kama mtoto mdogo ameacha kunyonya kidole. Kama hajaacha, umwache, kwa sababu wewe uliacha ukiwa darasa la tatu na bado ukapata mume.

Najua utashangaa kuona barua. Utasema dada kaishiwa na vocha. Sivyo. Wiki hii nimekupigia mara kadhaa, na kila nikisikia sauti yako naishia kuuliza habari za watoto na bei ya vitunguu. Kwenye simu wewe ni mwepesi wa kucheka, nami ni mwepesi wa kukimbilia kicheko chako. Kwenye karatasi hakuna wa kunikatiza wala wa kuniokoa. Kwa hiyo nakuomba usome taratibu. Ukifika mahali pa kukasirika, kasirika, lakini usiiweke chini kabla hujamaliza.

Nianze na za kazini. Dukani tumebadilisha vioo. Bosi anasema vile vya zamani vilikuwa vinawanenepesha maharusi, eti ndiyo maana walikuwa wanatoka bila kukodi gauni. Sasa tuna vioo virefu pande zote za chumba cha kujaribia, unajiona mpaka mgongo ambao hukuomba kuuona. Juzi juzi alikuja bibi harusi na mama zake wadogo, na kila mmoja kashika gauni alilomchagulia. Wakaingia wote humo ndani. Mimi niko chini nimepiga magoti, navuta zipu, mmoja kanikanyaga vidole na wala hana habari. Mwishowe bibi harusi akachukua gauni ambalo hakuna hata mmoja wao aliyelitaka, na lawama zote zikaniangukia mimi. Ndiyo kazi yangu unayoijua: kufunga vifungo, kuchoma pini, na kumwambia kila mwanamke kwamba amependeza. Wengi wanapendeza kweli, ila wanaingia humo wamejikumbatia tumbo kama wanaoficha kitu cha wizi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Jumatatu asubuhi tulipofungua duka nilimkuta shemeji amesimama nje, mkoba wake wa bisibisi begani. Nikadhani kaja kutengeneza friji ya jirani zetu, nikamtania kwamba huku kwetu vinavyoharibika ni vichwa tu. Hakucheka. Akaomba kuingia. Akaketi kwenye kile kiti cha mama za maharusi, katikati ya magauni meupe, kofia yake kaishika mapajani, akaanza kuisifu feni yetu. Unamjua mumeo, akikosa maneno husifu mashine.

Feni ilipokwisha sifa ndipo akasema. Alisema tangu miezi michache iliyopita unalala na nguo zako zote kama abiria. Ukienda kuoga unafunga komeo, na humo ndani unakaa mpaka watoto wanagonga. Akikugusa kiunoni unaruka kama uliyeguswa na moto. Nguo zako za ndani unazifua peke yako na kuzianika nyuma ya mlango wa stoo. Akikaa karibu nawe anasikia harufu ya dawa ya vidonda, na akiuliza unamwambia ni sabuni mpya. Akasema pia kwamba siku hizi unakula mara moja tu kwa siku, na kwamba ulianguka shuleni mbele ya watoto wako wa chekechea, wakakuzunguka wakidhani ni mchezo, na ulipofika nyumbani ukasema ni joto. Hilo hukuniambia.

Halafu akaniuliza swali lililomleta. Kwa kuwa mimi ni mkubwa wako na wewe hunifichi kitu, aliniomba nimwambie ukweli: je, una mtu mwingine? Akasema mwisho wa mwezi atakwenda kuwaona wazee wa pande zote mbili, kwa sababu hawezi kuishi na mke anayemkimbia ndani ya chumba chao wenyewe. Aliyasema hayo bila hasira, kwa sauti ya mtu aliyechoka, na hilo ndilo lililonitisha. Angefoka ningejua yatapita.

Mdogo wangu, jibu nilikuwa nalo. Nililijua kabla hajamaliza kusema. Nami nikavaa uso mkavu, nikamwambia wewe si mtu wa mambo hayo, awe na subira, nitazungumza nawe. Akanishukuru. Akasema afadhali katika familia hii kuna mtu mmoja mkweli. Kabla ya kuondoka akatoa bisibisi, akaikaza bawaba ya mlango wa chumba cha kujaribia iliyokuwa ikilegea, akakataa hata soda. Nilimsindikiza mpaka barabarani, kisha nikarudi nikajifungia chooni, na bosi akawa ananiita mimi nimeketi juu ya ndoo.

Ili nikwambie nilichokuwa nakijua, inabidi nirudi nyuma kidogo.

Unakumbuka tulivyoitwa mtaani, mimi Pipa na wewe Kipipa, na tulivyoitika tukicheka kwa sababu kulia kungewafurahisha. Halafu daktari wa sukari akanikalisha chini na kuniambia nikiendelea vile sitauona uzee. Nikaanza kutembea. Nikapunguza sahani. Nikaacha soda, nikaacha kumalizia vilivyobaki kwenye sufuria. Nilipungua, hilo ni kweli, na katika hilo sikumdanganya mtu. Nilitoka jasho, nililala na njaa, nilitamani vitu mpaka nikaviota. Watu wakaanza kunisimamisha njiani. Mama alipoona shingo yangu kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alilia. Na wewe ukanunua raba, ukasema kama dada ameweza basi na wewe utaweza. Ukaanza kutembea kwa ajili yangu.

Mliona uso wangu na nguo zangu. Hakuna aliyeona kilichokuwa ndani ya nguo. Mafuta yaliondoka, ngozi ikabaki. Tumbo lilishuka likalala juu ya mapaja, nikawa kila asubuhi nalikunja na kuliingiza ndani ya nguo ya ndani kama mtu anayechomekea shati. Nikipanda ngazi za duka haraka lilikuwa linapiga makofi, kwa hiyo nilijifunza kupanda polepole, na wateja wakasema nina madaha. Chini ya mkunjo kulikuwa na jasho, jasho likaleta upele, upele ukaleta vidonda. Mikono kuanzia bega hadi kiwiko ilining'inia. Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona nilipokuwa mnene. Yule mnene kila mtu alimwona alivyo, hakuwa na la kuficha. Huyu mwembamba aliyekuwa anasifiwa alikuwa akivua nguo gizani hata akiwa peke yake.

Siku moja bosi alitaka picha mpya za kutundika ukutani. Msichana aliyepatana naye hakutokea, mpiga picha keshafika na taa zake, basi bosi akanigeukia mimi. Gauni lenyewe halikuwa na mikono. Wakanibana kwa vibanio mgongoni, na kadiri walivyobana ngozi ikawa inafurika juu ya kitambaa. Mpiga picha akaniambia nishushe mikono. Kisha akasema nishushe zaidi. Kisha, kwa adabu kabisa, akamwomba bosi apite nyuma anishikie ile nyama mpaka apige. Bosi akapita nyuma, akaishika, akaivuta, akaishikilia, na mimi nikatabasamu kama nilivyoagizwa. Picha ile iko ukutani hadi leo. Wewe mwenyewe uliisifu ulipokuja dukani, ukasema ningeweza kuolewa hata kesho. Bosi ni mwanamke mwenzangu, hakuwahi kunicheka. Kesho yake alifunga duka mapema, akanieleza habari za daktari mmoja aliyemfanyia binamu yake.

Sasa nalipasua jipu. Mdogo wangu, ngozi yangu haikurudi. Ilikatwa. Ile semina ya mapambo niliyowaaga kuwa naenda haikuwepo, na ndiyo maana niliporudi mkaniambia nipambe ukumbi wa jirani nikapachika vitambaa kama anayeanika shuka. Nilikuwa hospitali. Daktari alinisimamisha uchi, akanichora mwili mzima kwa kalamu ya wino huku akizungumza na muuguzi habari za mpira, na mimi nikawa natazama dari. Walinikata kutoka nyonga hadi nyonga. Ngozi ilivutwa chini, ya ziada ikaondolewa, na kitovu changu kikafunguliwa tundu jipya mahali pengine. Wakanikata na kwenye mikono, upande wa ndani ambako kovu halionekani nikiishusha. Nilitoka na mirija kila upande, imeunganishwa na vichupa vya kukusanyia damu. Walipotaka ndugu wa kusaini kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji, bosi ndiye aliyesaini. Nina mama, nina wewe, na aliyeandikwa dada yangu pale ni mwenye duka.

Na wewe ulikuja, ndiyo. Unakumbuka nilivyokuwa natembea nimeinama kama bibi kizee, nikawaambia nimeumia mgongo kwa kunyanyua maboksi. Uliomba ruhusa shuleni, watoto ukawaachia baba yao, ukaja kunihudumia. Ulinipikia, ulinifulia, ulinikanda miguu. Nilikukatalia kuniogesha, nikasema nina haya, ukanicheka kwamba tumeoga pamoja miaka yote ya utoto haya imetoka wapi. Siku moja ukatoka uani kuanua nguo, ukaliona lile vazi la kubana limetundikwa kambani, refu, la rangi ya mwili, zito, lenye kulabu ubavuni. Ukaja nalo mkononi, ukaniuliza ni kitu gani.

Lile vazi nilipewa hospitali ili jeraha lishikane na uvimbe upungue. Ndiyo kazi yake, haina nyingine. Lakini ulikuwa umesimama mbele yangu na macho yako yale ya kuniamini, na mimi nikasema hiyo ndiyo siri ya kurudisha ngozi. Nikasema unajibana usiku na mchana, unapaka mafuta, unavumilia, na ngozi inarudi yenyewe taratibu. Maneno yalitoka laini kama niliyekuwa nimeyafanyia mazoezi. Ukalipapasa kitambaa kwa vidole, ukakariri kulabu zilivyokaa, na ulivyorudi kwako ukaenda kwa fundi cherehani akakushonea la kwako kwa lastiki nene. Nilikupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kisha na chupa yenyewe nikakupa uende nayo.

Ningeishia hapo ningekuwa mwongo wa kawaida, na waongo wa kawaida husamehewa. Bado kuna la jikoni.

Ni ile Jumapili mlipokuja kwa mama. Wanaume walikuwa nje, mama amelala, mimi na wewe tunaosha vyombo. Ukasukuma mlango ukafunga, ukapandisha blauzi, ukafungua lile vazi kulabu moja baada ya nyingine. Ukanionyesha. Ngozi yako ilikuwa imekunjamana na kushuka, na pale lastiki ilipokuwa imekata palikuwa pekundu, pengine pameanza kutoa maji. Ukaniuliza kwa sauti ndogo mbona ya kwako hairudi, na wewe unafuata kila kitu nilichokwambia. Niliona tumbo langu mwenyewe lilivyokuwa. Nilijua kinachouma, nilijua na harufu yake. Ukweli ulikuwa mdomoni, ulibaki kutamkwa tu.

Nami nikakwambia hujakaza. Nikakwambia bila shaka usiku unalegeza, bila shaka unakula kwa siri. Nikasema ngozi haiwapendi wavivu. Ukafunga kulabu zako, ukashusha blauzi, ukaniomba radhi. Uliniomba radhi mimi, mdogo wangu, ukasema utajitahidi zaidi. Nikaipokea hiyo radhi, nikaendelea kusuuza vikombe.

Kila nikikumbuka natamani ardhi ipasuke. Najua ni baada ya hapo ulipoanza kula mlo mmoja kwa siku, na kukaza lastiki mpaka ukaanguka mbele ya wale watoto. Vidonda anavyovinusa mumeo ni vya maneno yangu. Anadhani kuna mwanamume katikati yenu, kumbe ni mimi.

Utaniuliza kwa nini. Nimejiuliza sana, na jibu halipendezi. Kusifiwa kulikuwa kutamu. Wote mlinitolea mfano, mama aliwaambia majirani kwamba mwanangu ana nidhamu, nikaogopa kwamba mkijua nimekatwa mtasema na kupungua nako kulikuwa kwa kisu. Kuna na la pili, nitalisema kwa kuwa nimeshafika huku. Wewe ndiye uliyekuwa mzuri kati yetu, hata tulipokuwa Pipa na Kipipa. Wewe ulipata mume, ulipata watoto, watu walikupenda ukiwa na kilo zako zote. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu ambacho wewe huna. Sikutaka ukipate upesi.

Sasa nakuomba, na sina haki ya kukuomba chochote, lakini nakuomba. Ukimaliza ukurasa huu livue hilo vazi. Usilifue, usiliweke akiba, litupe. Kesho nenda zahanati wakakuoshe vidonda na kukupa dawa, na waambie ukweli namna ulivyovipata, ukitaka useme ni dada yako aliyekushauri. Kula. Kula asubuhi, mchana na jioni, kama unavyowalisha wale watoto wa chekechea. Na ulijue hili kama nilivyoambiwa na daktari wangu mwenyewe siku alipokuwa akinichora: ngozi iliyovutika kiasi hicho kwa miaka mingi hairudishwi na mafuta, wala mkanda, wala njaa. Haikurudi kwangu niliyejisifia nidhamu, na kutorudi kwake kwako si uvivu. Ulifanya kila kitu sawasawa. Aliyekupa ushauri ndiye hakuwa sawa.

Ukitaka kufanyiwa nilichofanyiwa, nitakupeleka mwenyewe na nitasaini mahali pa ndugu. Inauma, sikufichi, na makovu yapo, nitakuonyesha yote mchana kweupe. Usipotaka, ukabaki na ngozi yako, hilo nalo ni lako, na mtu yeyote akikucheka mlete kwangu. Mama nitamwambia mimi. Nimepanga kumwambia Jumapili akishakunywa chai, na najua ataanza kwa kuuliza kile kitovu alichonizaa nacho wamekipeleka wapi.

Wasalimie wanangu, wabusu wote wawili, waambie mama mkubwa anawapenda na hajasahau ile baiskeli. Wasalimie walimu wenzako. Mama anakusalimu kwa mapenzi.

Shemeji usimpe salamu zangu. Mpe barua hii. Jumatatu nilikuwa naye ana kwa ana na kinywa ninacho, lakini aliniita mkweli nikashindwa kumpokonya neno lile. Mpe leo kabla hajalala. Asome yote tangu mwanzo, na ya jikoni ayasome, usimkunjie karatasi mahali popote kwa kunihurumia. Akimaliza, kama hatataka kuniona tena kizingitini kwake, usinitetee. Wewe mwonyeshe tu vidonda vyako.

Ni mimi,
dada yako.